Mninga: maswali ninayoulizwa kila wiki karakanani Mbeya

Karakana yangu iko Mbeya mjini, na kazi inayoniweka mjini ni milango, vitanda na makabati ya mninga. Wateja na vijana wanaojifunza kazi huniuliza mambo yale yale, nimeona niyaandike mahali pamoja. Maswali nimeyaacha kama yanavyoulizwa, ndiyo maana mengine yanaanza kwa lawama.

Fundi, mninga ni mti gani hasa?

Ni mti wa misitu ya miombo, wa ukoo wa mikunde, yaani ndugu wa mbali wa maharage na karanga. Jina lake la kitaalamu ni Pterocarpus angolensis. Zambia na Zimbabwe wanauita mukwa, Afrika Kusini kiaat, Msumbiji umbila. Mtu akikusimulia habari za meza ya kiaat, anasimulia mninga.

Kwetu huku usiutafute Rungwe wala Tukuyu, kwenye ubaridi na mvua nyingi. Nenda Chunya, au shuka upande wa Songwe. Kiangazi hupukutisha majani yote ukadhani umekufa, kisha mvua zikikaribia hutoa maua ya manjano. Tunda lake likikauka huwezi kulisahau: duara bapa lenye ukingo mwembamba kama karatasi, na katikati kivimbe chenye miiba, mithili ya yai la kukaanga lililoota nywele.

Ukiukata shoka, unatoka utomvu mwekundu kama damu. Washona wa Zimbabwe wanauita mubvamaropa, yaani unaotoa damu, na ubao wake ndio wanaotengenezea mbira, ala yao ya muziki.

Nitajuaje kwamba niliouziwa ni mninga kweli?

Hili ndilo swali la kwanza mjini, na wanaouliza wengi wao wameshanunua.

Mwaka fulani mama mmoja aliniletea kitanda kilichopasuka mguu. Alikinunua barabarani kwa bei ya mninga. Nikakipindua, nikachukua patasi, nikachonga kidogo chini ya mguu pale ambapo mpiga rangi huwa hafiki. Juu kahawia inayong'aa, chini yake mbao nyeupe inayonuka utomvu. Paini. Mama alinyamaza, halafu akacheka: "Kumbe miaka miwili nalalia paini!"

Kwa hiyo usitazame juu, hapo ndipo mtu amefanyia kazi. Tazama chini ya mguu, nyuma ya droo, ndani ya tundu la kitasa. Muombe muuzaji ruhusa ya kukwangua sehemu iliyojificha. Akikataa, nawe umepata jibu.

Kiini cha mninga kina rangi ya kahawia, mara ya dhahabu, mara inayoelekea wekundu, na ndani yake mna michirizi iliyokolea isiyofuata mpangilio. Mbao mbili za mti mmoja zinaweza kutofautiana rangi, hivyo kabati lililolingana rangi kila kona kama limemwagiwa chai lichunguze mara mbili. Kisha angalia kichwa cha ubao, pale ulipokatwa kukingama nyuzi. Mninga una vitundu vinavyoonekana kwa macho, kama vilivyotobolewa kwa sindano. Paini haina vitundu hivyo, ina pete tu. Mwisho, ukiranda au kupiga msasa, mninga hutoa harufu nzuri, tamu kidogo. Mkaratusi nao siku hizi hupakwa rangi ukaitwa mninga, lakini hauna harufu hiyo, na mara nyingi vichwa vya mbao zake vimepasuka.

Mkurungu na mkongo si ndiyo hiyo hiyo?

Hapana. Mkurungu ni ndugu wa karibu, wa ukoo mmoja kabisa na mninga, lakini ni mwekundu zaidi. Mkongo ni mti mwingine, mzito na mgumu kuliko mninga, mzuri sana kwa mlango wa nje, ila mikono yako itajua. Mpingo usiulinganishe na chochote: huo ukiutupa majini unazama.

Mnausifu sana. Una nini ambacho mbao nyingine hazina?

Watu hudhani ni ugumu. Mninga si mgumu kiasi hicho. Ukikauka una uzito wa kilo kama 600 hadi 650 kwa mita moja ya ujazo, uzito wa kati tu. Sifa yake ni utulivu. Mbao zote hunywa unyevu wa hewa zikavimba, na hewa ikikauka zikasinyaa. Mninga hufanya hivyo kidogo mno kuliko mbao nyingi tunazozishika. Hata wakati wa kukauka hausumbui sana kwa kupinda na kupasuka. Ndiyo maana droo ya mninga iliyotengenezwa vizuri huingia na kutoka Januari kama inavyofanya Agosti, na dirisha halikwami.

Ukiongeza kwamba unarandika bila ugomvi, unashika gundi na unapendeza, unaelewa kwa nini hutumika kwa samani, milango, sakafu, ngazi, hata ngoma na vinyago. Kitu kimoja ambacho si kazi yake ni kupindwa kwa mvuke. Ukitaka mgongo wa kiti wenye mkunjo, uchonge kwenye ubao mnene au uunganishe vipande.

Mbao hizi zimekauka? Muuzaji anasema zimekauka.

Muuzaji husema hivyo siku zote. Nami nilimwamini sana nilipokuwa kijana.

Njia ya haraka ni uzito. Ubao wa inchi mbili kwa sita wa futi 12, kama vipimo vimetimia, ni futi moja ya ujazo kamili. Mninga uliokauka wa kiasi hicho hauzidi sana kilo 18. Mtu mzima anaubeba begani huku anaongea na simu. Ukihisi umebeba zege, maji bado yamo.

Njia ya uhakika haihitaji kifaa cha bei kubwa. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si kwenye kichwa, maana kichwa hukauka mapema na kitakudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni ya dijitali. Kiweke ndani ya oveni kwenye joto la nyuzi kama 103, ukitoe na kukipima kila baada ya muda mpaka uzito ugome kushuka. Tuseme kilikuwa gramu 240, kikaishia 200. Tofauti ni 40. Igawe kwa 200, unapata unyevu wa asilimia 20. Ubao huo bado. Kwa samani za ndani nataka 12 au pungufu. Mke wangu hajafurahia matumizi haya ya oveni yake, ila makabati hayajarudishwa.

Kukausha kwenyewe ni kupanga na kusubiri. Inua mbao futi moja na nusu kutoka ardhini, chini ya paa, mahali upepo unapita lakini jua halichomi. Kati ya safu na safu weka vijiti vya unene mmoja, kila futi mbili, na kila kijiti kikae juu kabisa ya mwenzake wa chini. Vikipishana, ubao utajifunza kupinda hapo hapo. Paka vichwa vya mbao rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo lolote, maana maji hutokea vichwani kwa kasi na ndiko nyufa zinakoanzia. Weka uzito juu ya safu ya mwisho.

Mninga hukauka polepole. Ubao wa inchi moja mimi huupa nusu mwaka na zaidi. Wa inchi mbili haupungui mwaka, na ukiweza upe wa pili. Hapa Mbeya kuanzia Mei mpaka Oktoba hewa ni kavu na upepo upo, tumepewa tanuri la bure. Lakini mbao zilizoingia mbichi mwezi wa tisa zifunike pembeni kwa magunia wiki za mwanzo, upepo wa wakati huo hukausha ngozi kabla ya tumbo.

Mlango wangu umeachia kwenye maungio. Si ulisema mninga hautembei?

Nilisema unatembea kidogo. Hicho kidogo kiliniaibisha Kyela.

Nilitengeneza mlango wa paneli mwezi wa kumi, mbao kavu kabisa, kazi ninayojivunia. Paneli za upana wa inchi 12 nikazibana kwenye mifereji ya fremu na kuzitia gundi pande zote, nikiamini mninga hausogei. Mlango ukashuka Kyela, jirani na Ziwa Nyasa. Machi zikaanza mvua zao, na anayeijua Kyela ya Aprili anajua hata chumvi huwa supu. Paneli zikanywa ile hewa, zikatanuka, hazina pa kwenda. Zikasukuma fremu mpaka ulimi mmoja ukachomoka kwenye tundu lake. Mteja alinipigia, hakunisalimu.

Kosa lilikuwa langu, si la mti. Paneli haigandishwi. Inakaa huru ndani ya mfereji, na kila upande wa upana unaiachia nafasi ya milimita tatu hivi ya kuvimba na kusinyaa. Gundi inakwenda kwenye ulimi na tundu tu. Vivyo hivyo uso wa meza: usiupige skrubu za moja kwa moja kwenye fremu, toboa matundu marefu kidogo ili ubao upumue kwa upana. Kwa urefu hauna shida, mbao karibu hazirefuki.

Sasa hivi kabla sijaanza mlango nauliza unakwenda wapi. Wa Makambako au Njombe na wa Kyela au Dar es Salaam siutengenezi sawasawa.

Nikiranda unachimbika badala ya kulainika. Nifanyeje?

Hili la vijana. Nyuzi za mninga mara nyingine zimesokotana, safu moja inaelekea huku na inayofuata kule. Randa ikipita inalainisha hapa na kung'oa pale. Noa kwanza. Halafu noa tena, kwa sababu ulichokiita kunoa mara ya kwanza nakijua. Toa maranda membamba kama karatasi, sogeza kile chuma cha juu kikaribie makali, na jaribu kusukuma randa kimshazari. Penye ubishi mwingi weka randa kando, chukua kipande cha kioo kilichovunjika kwa mstari mnyoofu, funika upande wa kushikia kwa kitambaa kinene, ukwangue. Wazee wetu walimaliza kazi nzuri sana kwa vioo vya madirisha. Msasa uje mwisho, na ufuate nyuzi.

Kwenye mashine, punguza kina cha kila pitio. Mninga unakula makali kwa kiasi tu, si kama mkongo.

Misumari na gundi?

Hauna matatizo. Karibu na kichwa cha ubao toboa kwanza. Gundi nyeupe ya kawaida ya mbao inatosha kwa kazi za ndani. Kwa mlango wa nje tafuta gundi isiyoogopa maji.

Mchwa na dumuzi wanaula?

Kiini hukaa miaka mingi na mchwa hawakipendi. Ile mbao ya rangi ya majani makavu iliyo pembeni, chini ya gome, ni habari nyingine. Hiyo dumuzi huila mpaka ikawa unga, na ukiona vitundu vidogo na vumbi laini sakafuni chini ya kitanda cha mninga, karibu kila mara fundi aliacha ukingo mweupe ili asipoteze upana. Ukiwa unanunua, hesabu upana wa kiini peke yake. Na fremu ya mlango inayogusa saruji au udongo, hata ya kiini kitupu, ipake dawa ya mchwa sehemu ya chini. Gharama yake haifiki ya kubomoa ukuta.

Nikipiga msasa napiga chafya na kifua kinabana. Ni mninga au nimerogwa?

Ni mninga. Vumbi lake huwasumbua baadhi ya watu: pua, macho, ngozi, na kwa wengine linaleta pumu. Harufu nzuri isikudanganye. Vaa barakoa inayobana vizuri, pigia msasa nje upepo ukiwa unakuja kutoka mgongoni, usifagie pakiwa pakavu. Kifua kikibana kila ukiugusa, nenda hospitali na umwambie daktari unashika mbao gani. Nina rafiki alihamia kazi za aluminiamu kwa sababu hiyo, na anapata hela kuliko mimi.

Nipake rangi gani?

Usipake rangi. Kama unataka rangi, nunua paini, utabaki na pesa. Mninga upige msasa hadi namba 240, weka sanding sila kwanza ili ijaze vile vitundu, msasa mwepesi, kisha vanishi au klia mara mbili au tatu. Anayependa mguso wa mbao yenyewe atumie mafuta ya kitani, arudie kila mwaka. Mlango unaopigwa na jua la mchana utapauka hata kwa vanishi nzuri. Ukianza kupoteza mng'ao, msasa na koti jipya kabla mbao haijawa kijivu.

Kwa nini ghali hivi? Kwa nini hatupandi kama paini ya Sao Hill?

Paini ya Sao Hill, kule Mufindi, unaipanda na kuivuna kabla miaka 30 haijaisha. Mninga hadi ufae mbao hukaribia miaka 100. Tena una tabia ya ajabu utotoni: mche huota, kiangazi shina linakufa lote, mzizi unabaki, mvua zikirudi unachipua upya. Unaweza kurudia hivyo miaka kumi, ukijenga mzizi tu, kabla haujaamua kupanda juu. Watu wengi hung'oa miche yao mwaka wa pili wakidhani imekufa. Ukubwani unastahimili moto wa nyika, ila mche mdogo unateseka nao.

Kwa hiyo ubao ninaoukata leo ulianza kabla babu yangu hajaoa. Siwezi kuufanya bei ya paini. Unaweza kuupanda, na ningefurahi ukiupanda, ila andika kwenye wosia.

Nina mninga shambani Chunya. Naruhusiwa kukata?

Kuwa shambani kwako hakutoshi. Anza serikali ya kijiji na ofisi ya misitu ya wilaya, uombe kibali kabla shoka halijagusa gome. Sheria ya Misitu ya 2002 ndiyo inayosimamia hayo, na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ndio wanaokusanya malipo na kukagua.

Mnunuzi naye: omba risiti ya serikali na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile inayoitwa TP. Mbao rahisi zinazofika saa nane za usiku zina sababu ya kuwa rahisi, na zikikamatwa kwenye karakana yako, aliyezileta hatakuwepo.

Nahamia nje ya nchi. Naweza kubeba samani zangu?

CITES ni mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Tangu mkutano wake uliofanyika Panama Novemba 2022, mininga yote ya Afrika pamoja na mkongo iko kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo. Maana yake si marufuku. Maana yake biashara ya kuvuka mpaka inadai kibali. Inagusa magogo, mbao zilizopasuliwa, veneer (yaani maganda membamba ya mbao), plaiwudi na mbao zilizochongwa tayari kama za sakafu. Kitanda kilichokamilika hakimo kwenye orodha hiyo, lakini kabla hujafunga mzigo wa kupitia Tunduma ulizia TFS uwe na karatasi mkononi. Kumweleza ofisa wa mpakani tofauti ya kitanda na mbao, na foleni ya malori iko nyuma yako, si kazi nyepesi.

Hela haitoshi kabati zima la mninga.

Basi tusitengeneze zima. Milango, fremu ya mbele na juu viwe mninga. Mgongo, rafu za ndani na pande za droo ziwe paini kavu. Ni njia halali kabisa mradi fundi akuambie na risiti iseme hivyo. Kitakachofunguliwa na kufungwa kila siku, kipe mninga. Kitakachoshika mashuka gizani hakijali.

Na vipande vinavyobaki?

Visichomwe. Vinafaa vishikio vya droo, mipini ya patasi, miguu ya stuli, fremu za picha. Njoo Jumamosi mchana na mfuko wako, vingi natoa bure. Maranda ya mninga wafuga kuku wasinililie, ya kutandika bandani nina ya paini magunia mawili.